Mama mkwe aliyeligeuzia ziwa mgongo

Basi mlioniuliza, samaki watamu wako Ziwa Nakivale, kibanda cha mwisho ufukweni, karibu na mitumbwi.

Leo mimi na mpenzi wangu Espoir, mume wangu wa miezi miwili, tulimpeleka mama yake huko.

Nilitaka kumfurahisha. Kumbe!

Alipoona maji akageuza kiti, akayapa mgongo.

Espoir akaninong'oneza: baba yake, mume wa mama, alizama kwenye ziwa la mpakani wakikimbia kutoka Kongo. Tangu siku ile mama hajagusa samaki.

Jamani, na mahali nilichagua mimi! Machozi yalinilenga.

Samaki akaja. Kwao kichwa ni cha mwenye nyumba, nikamwekea mume wangu.

Mama akanyoosha mkono. "Lete hapa, mwanangu."

Akageuza kiti, akatazama ziwa, akala taratibu.

"Baba yake alikuwa ananiachia macho ya samaki," akasema. "Na wewe Espoir, uachie muke wako. Usikuwe mlafi!"

Tukacheka huku tunalia. Baadaye tukatembea ufukweni, mama katikati yetu.

Nyie wa Mbarara, nani anakuja? Mama ameomba turudi, nami nimemwahidi: kabla mwezi haujaisha.