Mlango Wenye Komeo kwa Ndani

Nilipopelekwa Mtwara kusimamia madarasa ya kisomo cha watu wazima nilikuwa sijaolewa, na kwa watu wengi hilo lilitosha kuwa kosa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea. Nilitakiwa kuzunguka vijiji vya pwani, kusini ya mji hadi karibu na mdomo wa Ruvuma, peke yangu, miezi kwa miezi, kwa posho isiyotosha kulala mahali pa maana. Ikabidi nijifunze kuchagua vyumba vya bei ya chini. Wanaume niliofanya nao kazi waliangalia bei na chakula. Mimi niliangalia mlango.

Gesti ya kwanza ilikuwa karibu na bandari. Ilikuwa safi, na maji yalitoka bombani. Lakini mhudumu wakati akiniandikisha aliniuliza mume wangu anakuja saa ngapi. Nilipomwambia sina mume, akanipa chumba kilichopakana na baa. Wapakiaji na madereva wa malori walinigongea mpaka nikachoka kuwajibu. Nilipolalamika asubuhi, mhudumu akasema mwanamke asiyetaka kugongewa halali gesti. Nikafunga mzigo wangu.

Nikapata chumba cha uani mtaa wa Shangani, mle mle mjini, kwa familia ya watu wa bara kama mimi. Baba alikuwa karani wa serikali, na tulisali kanisa moja. Mkewe aliniita mdogo wake, akanitandikia shuka zake mwenyewe. Ila kila niliporudi kutoka vijijini na vumbi langu, salamu zake zilizidi kuwa fupi. Mwishowe akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wenzake kanisani wanamuuliza huwa nalala wapi huko ninakokwenda. Nikamwambia nalala shuleni, juu ya madawati. Akasema hilo ndilo jibu asiloweza kuwapa.

Basi madawati yakawa ndiyo nyumba yangu, mpaka mwanafunzi wangu mmoja, katika kijiji cha karibu na mto, aliponikuta nikiyaunganisha. Alikuwa mjane wa makamo, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na wazazi wake akiwa msichana.

"Mwanangu," alisema, "hiki si kitanda. Twende."

Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo, na mlango wake ulikuwa na komeo la mti kwa ndani. Hakuniuliza habari za mume. Alinichemshia ming'oko, mizizi wanayochimba porini huko, tukala tukiwa tumekaa kizingitini, akinicheka kwa namna nilivyoimenya. Kanga yangu aliiita kapulana, kama walivyoiita kwao ng'ambo. Alikataa malipo, kwa hiyo nikamletea sabuni na chumvi kila zilipopatikana mjini. Kwake pakawa kituo changu. Nilitoka hapo kwenda vijiji vingine, nikarudi hapo kupumzika.

Mwenyekiti wa kijiji hakupendezwa. Alikuwa amesimamia ujenzi wa kibanda cha wageni kando ya ofisi yake. Kibanda kilifungwa kwa kufuli nje, na ufunguo alikaa nao yeye. Katika mkutano wa kijiji akasema kwamba mama yule anaendesha gesti ya binafsi ndani ya kijiji cha ujamaa, na kwamba mgeni wa serikali ni wa kijiji kizima, si wa mtu mmoja, tena mtu aliyetoka ng'ambo. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti," nilisema, "kibanda chako hakifungiki kwa ndani. Mimi silali humo."

Watu wakacheka. Nilidhani wamecheka upande wangu.

Nikarudi mjini na lori la korosho, nikamweleza mkuu wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakunileta Mtwara kugombana na viongozi. Vijiji vyangu akapewa mwanamume, na mimi nikapewa meza ofisini. Mwanamume huyo aliporudi kutoka safari yake ya kwanza alikisifu sana kibanda cha wageni.

Mama nilikutana naye tena sokoni Mtwara, msimu wa korosho ulipokwisha. Alikuwa amekonda. Alinieleza kwamba baada ya ule mkutano viongozi waliona nyumba yake imetoka nje ya mstari wa nyumba za kijiji. Ikavunjwa, akapewa kiwanja mwishoni kabisa, mbali na kisima. Darasani hakwenda tena. Nikaanza kumlaani mwenyekiti, naye akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ulikuwa unapita tu," alisema. "Ungenyamaza, wangenisahau."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisimama kwa ajili yake. Kabla sijasema, akaniuliza siku hizi nalala wapi, nikamjibu kwamba serikali imenipa chumba.

"Afadhali," akasema. Akajitwika kapu lake, akaniaga kwa adabu kama mtu anavyomuaga mfanyakazi wa serikali, akaenda kutafuta gari la kumrudisha.