Futi Mia Kutoka Kaburi la Lottie

Orlena Stidham alikuwa amechoka zamani, ila hakuwa mtu wa kutangaza. Alizaliwa kwenye bonde hili la mashariki ya Kentucky, akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, akamzika mumewe Burl aliyemalizwa na vumbi la makaa ya mawe kifuani. Kampuni ya makaa ilipolipua mlima, alishika vikombe visianguke rafuni huku akiendelea na maneno yake.

Serikali imeruhusu milima ikatwe kichwa ili makaa yachotwe kwa juu. Mawe yanamwagwa bondeni, kijito kinafukiwa, na maji ya bomba yanatoka na rangi ya kutu. Ila sheria hiyo hiyo inasema kampuni ikae futi mia kutoka makaburini. Kwa hiyo mitambo ilipofika kilele cha akina Stidham, penye makaburi ya ukoo, Orlena hakuhangaika. Alihangaika siku alipokuta vibendera vya kampuni vimechomekwa pale pale alipolala mwanawe Lottie, aliyekufa akiwa na umri wa wiki tatu.

Kaburi halikuwa na jiwe. Zamani lilikuwepo, jiwe la mtoni lisilo na jina, kama yale ya vichanga wengine wa ukoo. Burl ndiye aliyeyang'oa yote akayapanga kando ya uzio, kwa kuwa kila Mei, wakisafisha kabla ya Jumapili ya kupamba makaburi, yalimvunjia kisu cha mashine ya nyasi. Nani angebisha? Wote walijua nani kalala wapi. Sasa waliojua wamebaki Orlena na shemeji yake Arvil.

Orlena alilalamika, na serikali ikamleta mkaguzi, kijana wa kaunti yao aitwaye Tackett. Arvil alikuwa anamsubiri na waya mbili alizokunja, moja kila mkono; zikipishana, basi chini kuna kaburi.

"Shemeji, sogea. Unazibabaisha."

Akatembea taratibu. Alipofika penyewe, waya zikapishana.

"Umeona?"

"Nimeona mikono inatetemeka," alisema Orlena. "Tangu uache pombe."

"Nani kakwambia nimeacha?"

Tackett alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hata bibi yangu alitafuta makaburi kwa waya. Lakini mama, sheria haizijui waya. Inataka alama, au ushahidi."

"Ushahidi gani?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Kuchimba."

Orlena alikaa juu ya nyasi. Ng'ambo ya vibendera, tingatinga lilikuwa linanguruma bila kupumzika.

"Yaani nisipomfukua, watamlipua. Na nikimfukua, nimemfukua mimi."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Huyo aliyeandika ana watoto?"

Orlena akawaza kwamba Lottie ndiye aliyelala mwisho kabisa, kuelekea kwenye mitambo. Futi mia zikihesabiwa kutoka kwake, vichanga wengine wote watakuwa ndani.

"Chimbeni wangu tu," alisema. "Wa wenzangu siwezi kuwasemea. Arvil, chimba wewe. Na usichimbe kama unapanda viazi."

Arvil alichimba kwa mwiko wa mwashi, amepiga magoti. Udongo wa njano ukaanza kuwa mweusi, mweusi wa umbo dogo, kama mkate kwenye sinia. Ndani yake ikatoka pini ya nepi, imeliwa na kutu.

"Basi!" Tackett aliinua mkono. "Basi, mzee, inatosha. Fukia."

Akaenda mwenyewe kung'oa vibendera, akapima upya kutoka pale, akavichomeka mbali, karibu na ukingo ambapo miti ilikuwa imekwisha.

Orlena alirudisha pini mahali pake, akasukuma udongo kwa viganja mpaka shimo likajaa.

"Tumeshinda, shemeji," alisema Arvil.

Orlena akatazama vile vibendera, na mlima uliobaki nyuma yavyo, unaosubiri kukatwa.

"Haya," alisema. "Niinue basi. Magoti hayanyooki."