Lakiri Juu ya Tenki

Nakumbuka mlio mmoja mpaka leo, mwanangu: fyooo, kama mtu aliyebanwa pumzi akaachiwa. Ulikuwa unatoka kwenye tenki la pikipiki ya kijiji kila Mwenyekiti alipofungua kifuniko. Niliusikia mara tatu kwa masikio yangu haya, sikuujali. Kwa kutoujali kwangu, nusura mjomba wangu apelekwe polisi Bunda kama mhujumu.

Miaka ile tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, kati ya Bunda na Butiama, tunalima pamba ya pamoja. Pikipiki ilikuwa moja tu, kuukuu, na dereva wake alikuwa Mjomba Magesa, aliyenilea tangu mama alipofariki. Ndiyo iliyombeba mkunga, ndiyo iliyopeleka barua Musoma. Mimi nilikuwa na darasa la nne langu na ndoto kubwa kuliko kichwa: nilitaka kuwa fundi. Watu walikuwaga wananicheka, nami nacheka nao, halafu narudi kushika spana.

Ikaja minong'ono kwamba mjomba anaiba petroli. Hakuiba. Lakini Mwenyekiti alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunika kifuniko cha tenki gubigubi, akakaza kwa waya, akapiga lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua, na muhuri wa kijiji juu yake. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kufungua ila yeye, mbele ya kamati.

Wiki haikuisha, pikipiki ikaanza vituko. Inawaka vizuri, inakwenda maili mbili tatu, inakohoa, inazimika. Mjomba anaisukuma mpaka nyumbani. Mwenyekiti anavunja lakiri ili apime petroli kwa kijiti; fyooo; petroli imo. Anapiga kiki, inawaka.

"Mnaona?" akawaambia wajumbe. "Ikiniona mimi inawakaga. Kwa Magesa inakataa. Huyu anaihujumu."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilisimama mbele ya kamati kwa mdomo wangu mwepesi, nikasema shida ni moto wa plagi, nipeni siku mbili. Nikasafisha plagi, nikasugua platini, vile vidomo vinavyokata umeme wa cheche, kwa msasa, nikarekebisha mwanya wake. Ikanguruma vizuri pale uwanjani, nikaapa mbele ya watu kwamba imepona. Kesho yake ikazimika njiani na mkunga akiwa juu yake, akamalizia safari kwa miguu. (Mtoto alizaliwa salama, usiogope, sasa ana wajukuu.) Mwenyekiti akanishukuru kabisa. Akasema kama binti fundi mwenyewe amethibitisha mashine ni nzima, basi mbovu ni mtu. Kamati ingekaa Jumamosi, na mjomba angepelekwa Bunda.

Nililia, sikufichi. Halafu nikafunga kanga vizuri, nikatembea hadi Nyasura kwa Mzee Wambura, fundi aliyeshika pikipiki tangu enzi za mkoloni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ilipozimika njiani plagi ilikuwa imelowa au kavu. Nikasema sikuangalia, mimi niliitengenezea nyumbani.

"Basi hujaitibu," akasema. "Umeichagulia ugonjwa unaoujua wewe, ukaupa dawa. Nenda nayo njiani. Palepale itakapozima, fungua plagi, ilaze juu ya injini, mjomba wako apige kiki. Ikitoa cheche, achana na moto. Kisha tazama mdomo wa plagi: ukilowa, petroli inafika, ukiwa mkavu, haifiki. Na siku nyingine usiape mbele ya watu kwa kitu ambacho hujakiangalia."

Ijumaa nikapanda nyuma ya mjomba. Ikazima karibu na njia panda ya Butiama. Plagi ikatoa cheche ya buluu, safi kabisa. Mdomo wake, mkavu. Moto upo, petroli haifiki, na tenki limejaa. Mjomba akaniambia cha ajabu ni kwamba likijaa ndiyo inazimika upesi zaidi. Nikakaa kwenye nyasi nikafikiri. Nikakumbuka muuza duka wetu anavyotoboa debe la mafuta: matundu mawili, maana kwa tundu moja mafuta hayatoki sawasawa, hewa haina pa kuingilia. Kifuniko cha tenki nacho kina kitundu kidogo cha hewa. Na juu ya kitundu kile kulikuwa na mpira, waya na muhuri wa kijiji. Ile fyooo ilikuwa hewa inaingia kwa pupa kila Mwenyekiti alipofungua, ndiyo maana kwake iliwaka.

Jumamosi nikasimama tena. Nikaanza kwa kusema nilikosea kuapa. Kisha nikasema kinachoizima ni lakiri. Mwenyekiti akaniambia, binti, kaa chini.

"Sikai, baba," nikasema. "Kama inakuheshimu wewe, jaza tenki, piga lakiri yako, uiendeshe mwenyewe mpaka njia panda. Ukirudi umeipanda, mimi na mjomba tutakwenda Bunda wenyewe, kwa miguu yetu."

Bibi mmoja mjumbe akasema kwa upole, "Panda basi, Mwenyekiti. Uji uko jikoni, tutakusubiri."

Akaondoka kwa mbwembwe. Uji ukaiva, tukanywa, uliobaki ukapoa. Jua limepanda utosini ndipo akatokea, anaisukuma, shati limegandamana na mgongo. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akasema Magesa arudi kazini, na suala la lakiri kamati italijadili Jumatatu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kitu kikiharibika, kiulize chenyewe kabla hujamnyooshea mtu kidole. Ukikosea mbele ya watu, rudi kwa watu haohao useme umekosea. Aibu utaiona, na itapita. Lakini ukishajua kwa macho yako, na mtu wako yuko hatarini, ukiambiwa kaa, simama. Wala usitishwe na muhuri wa mtu yeyote. Mungu akupe masikio ya kusikia mapema kuliko mimi, akupe magoti yasiyokubali kukaa, na asikukoseshe mtu wa kukutetea.

Mimi Jumatatu sikuingoja. Jioni ileile, watu walipokwenda kunywesha ng'ombe, niliingia ghalani, inapolala pikipiki, peke yangu na kisu cha jikoni. Nikakata lakiri, nikavua mpira, nikakichokoa kile kitundu kwa sindano mpaka nikaona mwanga upande wa pili.