Mkuu wa Idara ya Mengineyo

Katika kiwanda cha mablanketi walimwita Mita. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki ndani ya faili, likitoka mara moja kwa mwaka, siku ya kuhesabiwa likizo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiingia langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daftari kwapani, kwenda kusoma mita kumi na moja za maji na saba za umeme. Alianza na ile kubwa ya lango, iliyokaa ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma na nyigu wasiohama, akamalizia na ya boila. Kila Ijumaa alipeleka ukurasa ofisini, na kila Ijumaa ofisi iliuweka juu ya ukurasa wa Ijumaa iliyopita.

Kazi ilikuwa imemwingia damuni. Bomba likivuja upande wa pili wa ukuta, yeye alilisikia. Mfukoni hakukosa vimpira vya bomba, kama wengine wasivyokosa kalamu. Siku ya kwanza kwenda ukweni aliomba kunawa mikono, akakawia. Walipomfuata walimkuta amelala chali chini ya sinki, bomba limefumuliwa vipande vipande juu ya shati lake jipya. Mke wake humsimulia kisa hicho kila mgeni. "Wenzangu waliposwa," husema. "Mimi nilikarabatiwa."

Basi ukaja uongozi mpya, na pamoja nao Afisa Ufanisi, bwana mwenye tai nyembamba na maneno mapana. Wiki ya pili ikatundikwa langoni skrini kubwa kama mlango wa gereji. Kila idara ilikuwa na mstari wake: lita ngapi za maji na uniti ngapi za umeme kwa kila blanketi moja. Ukiwa kijani, umefanya vizuri. Ukiwa mwekundu, mkuu wa idara anaitwa mbele ya wenzake Jumatatu asubuhi kujieleza.

"Mita zote sasa zinajisoma zenyewe," Afisa alimwambia Mita, kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba usio wake. "Mwisho wa mwezi utakabidhi daftari."

"Na mimi nitakabidhiwa wapi?"

Afisa akacheka, akaandika kitu. Hakuandika jibu.

Mita alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Ulikuwa umri mbaya wa kumwaga unga: amezeeka mno kuajiriwa kwingine, na hajazeeka vya kutosha kuachwa apumzike.

Mkuu wa idara ya ufuaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuamrisha mashine. Jumatatu mbili mfululizo alisimama mbele za watu akitoka jasho, akieleza kwa nini blanketi linahitaji maji ili lifuliwe. Jumatatu ya tatu mstari wake ukawa kijani kibichi. Watu wakampigia makofi. Mita hakupiga, maana asubuhi ile alikuwa ameuona mpira wa zimamoto umenyooshwa kutoka ukutani hadi kwenye tangi la kusuuzia, umetuna kama chatu aliyeshiba. Bomba la zimamoto halikuwa na mita. Waliojenga kiwanda walidhani kwamba moto ukiwaka, hakuna atakayeuliza ni lita ngapi.

Werevu huambukiza. Idara ya rangi ikachomeka pampu zake kwenye laini ya taa za korido, ambayo nayo haikuwa na mita. Haikupita wiki, kiwanda kizima kikawa kijani, isipokuwa mstari mmoja wa chini kabisa. Kompyuta, ambayo haina shemeji, ilichukua maji na umeme wote ulioingia langoni, ikatoa yale ambayo idara zilikiri kutumia, na tofauti ikalazimika kuwekwa mahali. Siku ya kuiweka kiwandani ilikuwa imemtaka Afisa ajaze jina la mahali hapo, naye kwa haraka zake akaandika: Mengineyo. Sasa Mengineyo ilikunywa maji kuliko ufuaji na rangi zikiwekwa pamoja, na haikuwa imetengeneza blanketi hata moja.

Mwisho wa mwezi Meneja Mkuu alikuja kutazama mafanikio. Akasimama mbele ya skrini, mikono nyuma.

"Hongereni. Sasa huyu Mengineyo ni nani?"

Shemeji akazichunguza kamba za viatu vyake.

"Ni... ni idara, bosi," alisema Afisa.

"Idara! Mbona sijawahi kumwona mkuu wake? Anaiongoza nani?"

Macho ya Afisa yalizunguka uwanja mzima yakitafuta mtu asiye na idara. Mita alikuwa amesimama pembeni na daftari lake mkononi, amekuja kukabidhi.

"Huyu hapa, bosi."

"Wewe! Mtu mzima na mvi zako, huoni haya? Wenzako wote kijani, wewe unawaka kama kaa la moto. Nakupa miezi miwili. Ikibaki nyekundu, nenda nyumbani."

Hivyo ndivyo Mita, aliyefika kuachishwa kazi, alivyoondoka na cheo, meza na karipio.

Jumapili shemeji alimtembelea nyumbani. Hakugusa hata chai.

"Shemeji, usinianike. Sisi ni ndugu."

"Nikuanike mara ngapi? Mpira umeutandaza mwenyewe mchana kweupe."

"Ningefanyaje? Jumatatu zile nusura nizimie!"

Mke wa Mita alikuwa akipanga vyombo. "Yaani nyinyi! Mmoja anaiba maji, mwingine ndiye mkuu wa maji yaliyoibwa. Mnangoja nani awapatanishe, polisi? Kaka, rudisha mpira wa watu ukutani. Na wewe baba watoto, humo kwenye madaftari yaliyonijazia kabati hamna dawa?"

Ilikuwamo, kwenye ukurasa wa miaka minane iliyopita, kwa mwandiko uliopangwa kama matofali: maji ya suuzo la tatu yanatoka safi, yarudishwe kwenye suuzo la kwanza. Ofisi iliupokea ukurasa huo, ikauweka juu ya mwenzake. Jumamosi mbili, Mita na shemeji yake walilala chini ya matangi wakiunganisha mabomba na kutukanana kwa upendo. Mpira wa zimamoto ukarudi ukutani, na mstari wa ufuaji ukabaki kijani, safari hii kwa haki, jambo lililomshangaza mkuu wake kuliko yeyote. Idara ya rangi iliposikia kwamba Mkuu wa Mengineyo anapita na daftari, ilirudisha pampu zake kwenye laini yake, ikasafisha vichujio vilivyoziba tangu enzi, ikagundua kwamba pampu safi hazili umeme mwingi.

Mengineyo ikageuka kijani kabla miezi miwili haijaisha. Afisa alimshika Mita mkono, akautikisa sana.

"Hongera, mzee wangu! Taa za korido tumezipa mita; maji yakifika sifuri tu, tunaifunga idara. Hakuna haja ya idara ya kitu kisichokuwapo."

"Na mkuu wake?"

Afisa akacheka, akaandika kitu.

Mita alikwenda moja kwa moja nyuma ya boila. Kulikuwa na bomba la kunawia mikono, lisilo na mita, na ndilo pekee lililobaki likivuja. Alikuwa amelisikia tangu koridoni. Akachuchumaa, akatoa kimpira mfukoni. Kazi ya dakika mbili. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuacha tone lililo hai nyuma yake. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha kimpira mfukoni, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza maji, akakinga ndoo.

Tangu siku hiyo skrini husema vilevile kila asubuhi: Mengineyo, lita arobaini, kijani. Na kila asubuhi mkuu wake hubeba ndoo mbili hadi idara ya ufuaji, akazimimina kwenye tangi la kusuuzia.

"Shemeji," yule bwana alimwuliza siku moja, "kwa nini usilifunge tu hilo bomba?"

Mita aliinamisha ndoo ya pili, akaigonga kitako hadi tone la mwisho likaanguka.

"Nikilifunga, nani atakuletea maji?"