Kikohozi Katikati ya Baba Yetu

Jirani yangu wa hapa Kibosho alistaafu posta, lakini mkono wake wa kulia haujastaafu. Kila akimaliza kutoa maoni, yawe kuhusu wabunge, mahubiri ya padri au ugonjwa wa migomba, hugonga meza kwa ngumi kama anayepiga muhuri, na hapo hakuna rufaa. Aliyekuwa akikata rufaa ni mzee Kalisti wa ng'ambo ya uzio, kila asubuhi mbele ya redio, mpaka siku ya uchaguzi alipomwita jirani yangu kasuku. Wakanuniana miezi minne. Redio ikabaki kuongea peke yake, na ngumi ikawa inagonga polepole. Kanisani, Baba Yetu ikifika “kama tunavyowasamehe,” jirani yangu alishikwa na kikohozi, kikamwachia kwenye “kishawishi.”

Jumamosi Kalisti alikuja ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani, ukiombwa msamaha kwa jani hilo huwezi kukataa. Jirani yangu alilipokea, akaligeuza juu na chini.

“Kalisti, hili umelichuma kwenye uzio wangu.”

“La kwangu ungesema ni la chama changu, mzee mwenzangu.”

Akaliweka mezani, akaligonga ngumi moja nzito, akawasha redio. Walibishana mpaka saa saba mchana, Kalisti akaondoka bila kuaga.

Jumapili nilitega sikio kwenye Baba Yetu. Jirani yangu hakukohoa. Alikohoa Kalisti.