Ufa Niliouona kwenye Wenzo wa Mzee Ombati

Mdogo wangu, ipo asubuhi moja ya huku Manga ambayo hunirudia kila nikishika kamba ya kupakia magogo. Nataka uijue kabla ya Jumatatu. Mama ameniambia umeamua kuja kufanya kazi nasi, na nikijaribu kukueleza haya kwa mdomo nitayakatisha njiani. Unanijua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kukaa nyumbani nikichuma majani chai. Mzee Ombati, mkubwa wa wapakiaji wa upande wetu, alinichukua kazini kwa sababu yeye na baba yetu walipashwa tohara msimu mmoja. Nilimwita baba, naye aliniita mwanangu.

Kila asubuhi, kabla ya lori kufika, alivilaza vifaa vyote kwenye nyasi, akapita navyo kimoja kimoja, pole pole, huku akisema. Mtaimbo ni wa kuamsha gogo lililolala ardhini. Likishaamka, weka chuma chini ushike mti, maana chuma huteleza kwenye gogo lililomenywa gome. Huo mti wa kusukumia, wenzo, hakuukata kwenye mikaratusi iliyotuzunguka kila upande. Mkaratusi mbichi hupinda mkononi. Alitafuta mti wa mwati uliokauka vizuri, akaupima kwa mwili wa mtu. "Ukiusimamisha ukufike begani," aliniambia. "Ukikupita kichwa, utakuchezesha. Ukiwa mfupi, mgongo wako ndio utafanya kazi."

Kulabu ya kugeuzia magogo aliikwaruza ncha yake kwa ukucha. Isipoacha alama, inapelekwa kwenye tupa. Kamba aliipitisha yote katika viganja vitupu, akisikiliza kwa ngozi. Alipenda ya katani kuliko ya plastiki, kwa ajili ya mvua zetu. Na wenzo aliugonga juu ya jiwe, akainamisha kichwa, akasikia kama sauti imetoka nzima. Nami nilisimama pembeni nikinusa mikaratusi na moshi wa jikoni za bondeni, na sikujua kwamba asubuhi zile zilikuwa na mwisho.

Siku ninayokuambia, lori lilifika mapema na barabara ilikuwa na matope. Dereva alisema mvua ikirudi hatatoka tena. Mzee akafanya haraka. Tuliegemeza nguzo mbili kutoka ardhini hadi juu ya lori, kama kawaida, ili magogo yapande juu yake. Mose, mpakiaji mwenzetu, na dereva walipanda juu kuvuta kamba. Mimi na mzee tukabaki chini kusukuma kwa nyenzo. Alinipa wangu. Hakuugonga.

Niliuona ufa mara moja. Ulikuwa karibu na ncha, mwembamba kama uzi, umekata mti kwa upana. Niliuwekea kidole gumba, nikahisi ukingo wake.

Sasa wewe umelelewa nyumba moja nami, unajua chinsoni ni nini. Mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Humkosoi mbele za watu, humwonyeshi kwamba umeona udhaifu wake. Nami nilikuwa nimejua kwa miezi kadhaa kwamba macho ya mzee yanapungua. Nilimwona akitafuta kofia yake iliyokuwa mbele yake. Kumwambia "Baba, huu una ufa" ilikuwa ni kumwambia mbele ya Mose na dereva kwamba haoni.

Mose aliona nimesimama. "Mzee, huyo kijana wako ameganda tena," akasema kutoka juu. "Huyo ukimuuliza jina lake, lazima kwanza aende nyumbani akaulize."

Dereva akacheka. Nikainama, nikaingiza wenzo chini ya gogo.

Magogo mawili yalipanda vizuri. La tatu lilikuwa nene. Lilipofika katikati ya nguzo, mzee akainama kuchomeka kabari nyuma yake ili tupumzike. Hapo wenzo ukakatika mikononi mwangu. Gogo likarudi upande wangu, likakaa mshazari, likateremka. Mimi niliruka. Yeye alikuwa ameinama.

Lilimshika mguu wa kulia, kwenye kifundo.

Alikaa hospitalini wiki nyingi, na mguu ukapona ukiwa umepinda. Kila aliyekwenda kumwona, mzee alimwambia maneno yale yale: "Nilikata mti mbaya, macho yangu yameniangusha, kazi hii basi." Nilimsikia akisema hivyo mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, na mara tatu nikarudi nyumbani na ukimya wangu. Chakula kilinishinda. Mama alidhani ni malaria.

Sabato moja baada ya kanisa nilikwenda kwake na mkungu wa ndizi. Mkewe alinipa chai, akatoka kufungua ndama. Mzee akaanza tena habari ya macho yake.

"Baba," nikasema, "ule ufa niliuona."

"Uliuona lini?"

"Uliponipa."

"Kabla hatujaanza?"

"Kabla."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kukuaibisha. Mose alikuwa pale."

Aliutazama mguu wake. Nilitamani anipige.

"Mwanangu," akasema, "ungeniaibisha muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mose angecheka, mimi ningekasirika, halafu ningekata mti mwingine. Sasa angalia." Akausogeza mguu ili niuone vizuri. "Chinsoni iweke humu nyumbani kwangu. Mlangoni, mezani, mbele ya mama yako. Pale kwenye gogo mimi si baba yako. Pale mimi ni mtu mwenye miguu."

Kisha akaniambia ninywe chai, inapoa. Hakulitaja tena neno hilo mpaka leo.

Mwaka huohuo binti yake alimchukua kwenda Nyansiongo, kwa sababu milima ya Manga haimfai tena. Kule ardhi ni tambarare na anatembea kwa fimbo hadi kwenye ng'ombe. Ninaweza kwenda kumwona, na huwa ninakwenda. Ninachokikosa ni vile vifaa vimelala kwenye nyasi yenye umande na yeye akivipitia kimoja kimoja akisema. Wapakiaji wa siku hizi wanarusha kila kitu chini kutoka kwenye lori na kila mtu anaokota. Mara nyingine ninagonga wenzo juu ya jiwe, nikainamisha kichwa, na ninachosikiliza si mti.

Basi, mdogo wangu, chagua mti uliokauka, unaokufika begani. Ugonge. Ipitishe kamba mikononi mwako yote, usiamini nusu. Kabari iwe karibu na mguu wako kabla gogo halijaondoka ardhini. Hayo utayajua ndani ya wiki mbili, hata mjinga huyajua. Gumu ni hili lingine. Jumatatu mimi ndiye nitakayekupa wenzo, nami ni mkubwa wako, na kutakuwa na watu wanaopenda kucheka. Ukiona ufa, usinistahi. Sema kwa sauti, mbele yao wote. Nitakasirika kidogo. Wewe subiri tu nikate mwingine.

Mungu akulinde mikono na miguu, akurudishe kwa mama kila jioni ukiwa mzima, na ulimi wako aufanye mwepesi kuliko wangu.