Chupa Zilizoelea Karibu na Matete

Karani wa bustani ya ziwani alikuwa na tabia ya kufika kazini kabla mlinzi wa usiku hajaondoka. Si kwamba aliipenda kazi kuliko wenzake. Nyumbani palikuwa kimya mno, basi. Mumewe, mvuvi wa ziwa lile lile, alifariki mwaka huo baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tangu maziko hakuna aliyemwona karani akilia, wala akicheka, wala akimgombeza mtu. Ofisini walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri, amejikaza. Watu wa ofisini humpenda sana mfiwa asiyewasumbua.

Hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa ameshikwa na ganzi. Aliamka, akaoga, akapika, akala nusu ya alichopika na nusu akamwaga. Mtu akimwambia pole, alijibu asante kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwaelekeza wageni vyoo vilipo.

Binti yao, msichana wa darasa la tano, alivumilia miezi kadhaa. Alikuja na zawadi ya shule, mama akasema, "Vizuri." Akaamua kuvunja birika la chai makusudi, mbele ya macho yake, ili walau agombezwe. Mama akachukua ufagio, akazoa vigae, akauliza kama kuna kingine cha kufagia. Siku hiyo mtoto alifunga begi akaenda kwa shangazi yake, mtaa wa pili, akasema atakaa kidogo. Kidogo chenyewe kikaota mizizi.

Shangazi mtu, dada wa marehemu, hakuwa na hila. Alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kochi bila kuvua mtandio.

"Wifi, mimi simnyang'anyi mtu mtoto wake," alisema. "Lakini anataka kuhamia kwangu moja kwa moja, na mimi nimekosa la kumjibu. Jumamosi nitamleta kwenye usafi wenu. Zungumza naye. Ukinyamaza na hapo, nitajua umeniachia, nami nitamtafutia shule karibu na kwangu."

"Sawa," karani akasema.

"Sawa nini, wifi?"

"Sawa, Jumamosi."

Wifi yake akajifunga mtandio vizuri ingawa haukuwa umelegea, akaondoka.

Usafi wenyewe lilikuwa wazo la meneja wa bustani, naye kama ilivyo kawaida ya wenye mawazo, alilitoa kisha akaenda zake kunywa chai. Kazi yote ilimwangukia karani. Aliandikia benki, shule na chama cha madereva kuomba watu wa kujitolea. Aliomba glavu hospitali, akaomba mifuko kiwandani. Aliigawa bustani vipande: wa shule wakae kwenye nyasi na bembea, wa benki wachukue njia ya watembea kwa miguu, madereva wapewe mfereji kwa kuwa wamezoea harufu. Vigae vya chupa na sindano viwekwe kwenye makopo ya rangi, visije vikatoboa mifuko. Lori la taka lije baada ya chakula cha mchana. Hakusahau hata karatasi za chooni. Ganzi ina faida yake: haimpotezei mtu muda kwa wasiwasi.

Jumamosi ikafika na watu wakafika, wengi kuliko mifuko. Kiongozi wa waliojitolea alikuwa mwalimu wa mazoezi aliyeitwa Kamanda, mtu mwenye filimbi shingoni hata akienda harusini. Meneja alitoa hotuba ndefu juu ya mazingira, akadondosha karatasi ya pipi katikati ya hotuba bila kujua, na wanafunzi wakaigombania kuiokota. Kisha kazi ikaanza. Karani alisimama kwenye gati akiwa na kipaza sauti, akiwaelekeza watu: mfuko uliojaa upeleke kwenye mti wa kwanza, wewe mwenye shati la kijani, hilo ni kopo la rangi, si la maji ya kunywa.

Binti yake alikuwepo, pamoja na shangazi, wakiokota vifuniko vya soda kando ya maji. Alimsalimia mama yake kwa adabu, kama anavyosalimiwa jirani. Karani alijua anatakiwa kumwendea. Alijua hata maneno. Akasema moyoni, nikimaliza upande huu.

Kufikia saa nne nchi kavu ilikuwa imeng'aa, na Kamanda akakosa cha kuamrisha. Hapo akatupa macho majini. Karibu na matete zilielea chupa kubwa za mafuta ya kupikia, za manjano, hapa moja, pale nyingine.

"Jamani, taka zile pale!" akapiga filimbi. "Tutaziacha zitudhihaki?"

Bustani ilikuwa na boti za kukanyaga, zenye umbo la bata, za kukodisha watoto siku za sikukuu. Kamanda na kijana mmoja wa benki wakapanda bata mmoja, magoti yakigusa videvu, wakakanyaga kuelekea kwenye matete huku bata akizunguka kila walipopishana miguu. Watu ufukweni walicheka hadi wakashika mbavu.

Karani hakucheka. Alizijua chupa zile. Mvuvi yeyote wa upande huo hutega wavu wake jioni, akaufunga chupa tupu juu ili iwe boya, maana bila boya wavu unavutwa chini na risasi zake, vile vyuma vya uzito, na hauonekani tena. Kila mmoja huweka alama yake, kitambaa au rangi. Chupa nyingine zilitoka jikoni kwake mwenyewe. Mafuta yakiisha alikuwa akimwekea mumewe chupa barazani, naye akiifunga kamba kwa fundo la mara mbili huku akimsimulia ya ziwani. Hakuna mtu pale gatini aliyejua jambo hili kuliko yeye. Na alikuwa na kipaza sauti mkononi.

Kamanda akaishika chupa ya kwanza, akaivuta, akakuta kamba. "Hata kamba wameitupa!" akapiga kelele, akachomoa kisu, akakata. Ufukweni watu wakashangilia. Akakata ya pili. Ikashangiliwa nayo.

Binti alikuwa ameacha kuokota. "Siyo taka!" alipaza sauti. "Hizo siyo taka!" Makofi yakaifunika sauti yake. Akageuka kumtazama mama yake kule juu ya gati, akamwonyesha kwa mkono, kule, kule. Karani alimwona. Aliona pia kamba ikikatwa, na duara dogo la maji pale boya lilipokuwa. Aliona yote hayo kwa uwazi kabisa, kama yanayotokea kwenye televisheni ya jirani dirishani. Mkono wenye kipaza sauti haukuinuka. Hakuogopa, hakuwa na kinyongo na wavuvi. Hakuwa na chochote. Bata akarudi na shehena ya chupa, akapokewa kwa nyimbo.

Kabla ya adhuhuri wavuvi wakaja na mtumbwi wao kuopoa nyavu. Mkubwa wao aliitwa Mkimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Alikuwa akivua pamoja na marehemu, na karani alimwita shemeji. Walizunguka kwenye matete mara moja, mara mbili. Kisha wakaona chungu ya chupa za manjano ufukweni, zimepangwa vizuri zikisubiri lori. Mkimya akashuka, akaiokota moja, akaigeuza. Hakusema neno, na hilo ndilo lililowatisha waliomfahamu.

Kamanda alipoelezwa na mvuvi mmoja kilichotokea, alivua kofia. Alikuwa mtu mwema, jasho likamtoka upya.

"Mzee wangu, tusamehe. Hatukujua. Nakuapia, hakuna hata mmoja wetu aliyejua."

"Hakuna kabisa," meneja akadakia. "Ni bahati mbaya tu."

Mambo yangeishia hapo. Wavuvi walianza kulainika. Nani amkasirikie mjinga wa watu aliyekuja kuokota taka bure? Karani alisimama nyuma ya meneja. Uongo ule ulimtosha kabisa kujifunika, wala hakuhitaji hata kuufungulia mdomo. Lakini binti yake alikuwa amesimama upande wa pili wa chungu, ameshika mkono wa shangazi yake, anamtazama.

"Mimi nilijua," karani akasema.

Meneja aligeuka.

"Nilikuwa pale gatini, nikaona wanakata. Nilijua ni maboya. Sikusema."

Alingoja aibu imjie, ikaja kwa mbali, kama habari za mtu mwingine. Mkimya aliiweka chini chupa aliyoishika. Alikuwa na haki ya kumtukana, na wengi pale walikuwa wakimsubiri atukane.

"Uliziona zote zilipokuwa?" akauliza.

"Zote."

"Basi panda mtumbwini, shemeji. Wewe ndiye macho yetu."

Tangu msiba hakuwa amepanda mtumbwi. Alivua viatu, akaingia na sketi yake ya ofisini. Mkimya akishika kulabu yenye kamba, mwenzake akipiga kasia, karani aliwaelekeza: hapa, usawa wa bomba la maji; hapana, rudi, iwe sawa na taa iliyopinda. Kulabu ikaburuta chini, ikatoka na majani. Ikaburuta tena, ikanasa, na wavu ukaja juu unametameta, na samaki wawili. Hivyo hivyo wakaenda, wavu baada ya wavu, sketi imeloa hadi kiunoni. Mmoja tu haukupatikana, kwenye shimo refu kupita matete. Walipaburuta hadi mikono ikachoka.

"Ule tuliusuka na jamaa yako," Mkimya akasema, akiikunja kamba. "Mvua nzima ile, barazani kwenu. Wewe ukatuletea uji." Akajipangusa uso kwa bega. Karani aliyatazama maji pale. Kitu kilimuuma chini ya kifua, kidogo sana, kikatulia.

Waliporudi, lori lilikuwa limeshakuja na kuondoka, na bustani ilikuwa safi kama haijawahi kukanyagwa. Waliojitolea walikuwa wameondoka. Wifi yake alikuwa akingoja kwenye njia ya kutokea, na binti alikuja peke yake hadi kwenye gati, begi mgongoni.

"Mama, kwa nini hukusema? Nilikuonyesha."

Karani alitafuta jibu zuri, akakosa, akatoa lililokuwepo. "Nilikuwa naona, mwanangu. Lakini nilikuwa naona kama hayanihusu. Sijui nikueleze vipi."

"Najua," mtoto akasema. "Ndivyo unavyoniangalia na mimi."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Kisha akageuka kwenda kwa shangazi yake.

Karani alibaki amesimama miguu mitupu, maji yakimchuruzika. Aliyajua maneno aliyoyaandaa, kuhusu chumba chake na shule na kwamba mambo yatakuwa sawa. Hakuna hata moja lililotoka.

"Usiende," akasema.

Mtoto akasimama, bila kugeuka. "Sema tena."

"Usiende."

"Sisikii."

"Usiende!" Ilimtoka kwa nguvu hadi Mkimya na wenzake wakaacha kukunja nyavu, na wifi yake kule njiani akaweka mkono kifuani. Sauti ilikuwa imekwaruza, mbaya, na ndani yake mlikuwa na hasira. "Nimesema usiende! Huendi popote! Wewe ni mtoto wangu!"

Binti aligeuka, akarudi polepole, akamtazama usoni kwa makini. Kisha akavua begi mgongoni, akampa mama yake alibebe.